Je, waandishi na televisheni ndio wanaoiangusha Toronto Maple Leafs, au tunawasingizia?

#1 Barafu Kavu

Wakuu salaam. Naleta hoja hii hapa kwa sababu nyumbani nimebishana na shemeji yangu mpaka chai imepoa.

Nipo Toronto mwaka wa kumi na mbili. Hoki ya barafu nilianza kuijua kwa masikio: nilikuwa naingia kazini alfajiri na redio ya michezo ndiyo iliyonisindikiza njiani. Nikawajua wachambuzi kwa sauti kabla sijamwona mchezaji hata mmoja akiteleza. Na miaka yote hiyo nimesikia kitu kilekile: Maple Leafs, timu ya mji huu, wakitolewa, lazima apatikane mtu wa kubebeshwa zigo.

Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, mara ya mwisho kuja mji huu ni 1967. Tangu 2013 timu imepoteza mechi ya 7, ile ya kufa na kupona, mara saba: Boston 2013, 2018, 2019 na 2024, Montréal 2021, Tampa Bay 2022, Florida 2025. Baada ya hapo redio inachagua jina, gazeti linalirudia, uwanja unalizomea. Mwenye jina anaondoka, halafu unamwona kwenye runinga amebeba kombe akiwa na jezi ya watu wengine. Larry Murphy alizomewa hapa hadi akapelekwa Detroit Machi 1997, akachukua kombe 1997 na 1998. Phil Kessel akapelekwa Pittsburgh Julai 2015, akachukua 2016 na 2017, tena na Vegas 2023. Sasa ni Mitch Marner, mtoto wa Markham, jirani tu hapo. Katoka kwenye msimu wa pointi 102 (mabao na pasi za mabao), naye kaenda Vegas.

Nasema hivi: vyombo vya habari ndivyo vinavyoiangusha timu hii. Kikosi kipo, pesa ipo, utulivu haupo. Nipingeni kwa hoja.

#2 Mzee wa Goli

Nakupinga mchana kweupe.

Tuhesabu mabao ya Toronto kwenye mechi sita za mwisho za kuamua. 2019 Boston 5–1. 2020 Columbus 3–0 (hiyo ilikuwa mechi ya 5, raundi ya kufuzu). 2021 Montréal 3–1. 2022 Tampa 2–1. 2024 Boston 2–1 muda wa nyongeza. 2025 Florida 6–1, tena nyumbani. Mechi sita, mabao matano. Mwandishi gani alikuwa ameshika gongo hapo?

Sababu ipo kwenye daftari la mishahara. Matthews, Marner, Tavares na Nylander walikuwa wanakula kama dola milioni 40.5 kwenye ukomo wa mishahara wa timu nzima wa milioni 81.5. Nusu ya fedha kwa watu wanne. Wapinzani wakishawabana hao wanne, nani mwingine anafunga? Redio haina kosa.

#3 Mama Kipa

Habari za usiku. Mimi ni mgeni kwenye jukwaa hili. Swali dogo kwa mleta mada: hao wanaozomea uwanjani wanatumwa na redio, au redio inawasikia wao kwanza kisha inasema wanachotaka kusikia? Nauliza kwa sababu nina mtoto anayecheza, na jambo hili limenigusa. Nitarudi.

#4 Mwana wa Mont-Royal

Jambo wandugu. Mimi niko Montréal, na watu wa Toronto mkisema nyinyi ndio mna waandishi wakali naona hamjakaa huku. Sisi tunachambuliwa kwa lugha mbili. Asubuhi unakosolewa kwa Kifaransa, mchana kwa Kiingereza, usiku simu za wasikilizaji zinaendelea mpaka unalala. Na bado timu yetu, Canadiens, ina makombe 24, kuliko timu yoyote. Kama kelele zinaua timu, sisi tungekuwa tumeshazikwa kitambo.

Ila sikatai kwamba zina nguvu. Mwangalieni Maurice Richard, nyota wetu wa zamani. Mwaka 1954 alikuwa na safu yake kwenye gazeti la Samedi-Dimanche, akamwita rais wa ligi, Clarence Campbell, dikteta. Akalazimishwa kuomba radhi na kuacha kuandika. Machi 1955 akapigana Boston, akampiga na mwamuzi msaidizi. Campbell akamfungia mechi zote zilizobaki pamoja na za mtoano. Tarehe 17 Machi Campbell akaja mwenyewe kukaa uwanjani, ndani ya Forum, na mji ukawaka. Detroit walikuwa wanaongoza 4–1, mechi ikavunjwa, Detroit wakapewa ushindi. Sasa angalieni nani alituliza watu: Richard mwenyewe, kwa redio na televisheni, akiwaomba watulie. Walimsikia. Chombo kilekile kinachowasha ndicho kinachozima.

Na Desemba 2011 walipomweka Randy Cunneyworth kuwa kocha wa muda, bwana asiyezungumza Kifaransa, magazeti ya huku yalisimama wima na mashabiki wakaandamana. Uongozi ukaomba radhi. Kocha wa kudumu aliyefuata ni Michel Therrien, anayeongea Kifaransa. Hapo vyombo vya habari havikumzomea mchezaji, viliamua sifa za kocha.

Nyinyi Toronto hamjavuka raundi tangu 2002, msitafute mchawi.

#5 Kalamu Nyekundu

@Mwana wa Mont-Royal, maelezo mazuri ila hiyo sentensi ya mwisho si kweli. 2002 Toronto walifika fainali ya ukanda. 2004 waliitoa Ottawa. Ukame ulianzia hapo hadi 2023 walipoitoa Tampa Bay. 2025 wakaitoa Ottawa tena, ndipo wakakutana na Florida. Tupige kwa haki.

#6 Mwana wa Mont-Royal

Asante, nimekosea. Lakini 2021 mlikuwa mbele 3–1 dhidi yetu. Hiyo hamwezi kunirekebisha.

#7 Barafu Kavu

@Mwana wa Mont-Royal makombe 24 ndiyo, ila la mwisho ni 1993, na tangu hapo hakuna timu ya Kanada iliyochukua. Wewe mwenyewe fikiria: Tampa wamechukua 2020 na 2021, Vegas 2023, Florida 2024 na 2025. Hiyo ni miji ambayo mchezaji anaingia dukani hakuna anayemtazama mara mbili. Hilo halikuambii kitu?

Na Patrick Roy, kipa wenu, je? Desemba 1995 alifungwa mabao tisa nyumbani dhidi ya Detroit, mechi ikaisha 11–1. Alipodaka mpira mwepesi watu wakamshangilia kwa kejeli, naye akainua mikono. Siku nne baadaye yuko Colorado, na 1996 akachukua kombe. Huo ni ugonjwa wetu sote, ndugu yangu, Toronto na Montréal.

@Mama Kipa karibu sana. Swali lako ni zito, ngoja wengine waje.

#8 Kalamu Nyekundu

Naomba radhi kwa kuwa mkorofi: Roy hakudaka "mpira", kile ni kisahani. Endelea mkuu.

#9 Mzee wa Goli

@Barafu Kavu ukitaja Florida taja yote. Kati ya 1996 na 2022 Panthers hawakushinda raundi hata moja ya mtoano. Waandishi hawakuwepo miaka yote hiyo na bado walipoteza. Utulivu walikuwa nao robo karne, ukawapa nini? Walianza kushinda walipopata wachezaji na kocha.

#10 Mhasibu wa Mtaa

Hapo kwa Florida watu wengi wanasema ni kodi. Jimbo halikati kodi ya mapato, kwa hiyo mshahara uleule unakuwa mnene zaidi mfukoni. Nevada nao vivyo hivyo, Texas pia. Nadhani ni sababu yenye nguvu kuliko redio.

#11 Mzee wa Goli

Tennessee nako hawakati, na Nashville hawajawahi kuchukua kombe. Ila hoja ya kodi siifungi mlango, inasaidia kumshawishi mchezaji kukaa.

#12 Mfuatilia Hela

Wakuu, mnazunguka mbuyu. Ulizeni nani anamiliki nani.

2012 Bell na Rogers walinunua kwa pamoja sehemu kubwa ya kampuni inayomiliki Maple Leafs. Bell ndio wenye TSN. Rogers ndio wenye Sportsnet. 2013 Rogers wakanunua haki za kitaifa za kutangaza NHL, ligi kuu ya hoki, kwa miaka 12, dola za Kanada bilioni 5.2. Aprili 2025 ukatangazwa mkataba mwingine wa miaka 12, safari hii bilioni 11, kuanzia msimu wa 2026–27. Na Julai 2025 Rogers wamekamilisha kununua hisa za Bell za asilimia 37.5 kwa bilioni 4.7, wakafikisha asilimia 75 ya kampuni.

Kwa hiyo anayeuza matangazo wakati timu inashinda na anayeuza matangazo wakati watu wanalia kwenye simu za redio anaweza kuwa ni bwana mmoja. Ukiwa na hasira unasikiliza, ukiwa na matumaini unasikiliza. Kitu pekee kinachomtia hasara ni wewe kuzima. Mimi sisemi wanapanga timu ishindwe, hapana. Nasema hawana haraka ya kunyamazisha kelele.

#13 Barafu Kavu

Hapo umenifungua macho. Mimi nilidhani ni waandishi tu wenye roho mbaya.

#14 Mzee wa Goli

@Mfuatilia Hela, nusu nyingine ya hadithi umeiacha. Wachezaji wanagawana mapato ya ligi nusu kwa nusu na wamiliki. Haki za matangazo zikipanda, ukomo wa mishahara unapanda: milioni 88 msimu wa 2024–25, milioni 95.5 msimu uliofuata. Zile kamera zinazomkera Marner ndizo zinazomlipa. Hakuna mchezaji atakayeomba televisheni iondoke.

#15 Binti Prairie

Habari zenu, niko Edmonton. Nakumbusha wadogo zangu kwamba lawama haziangukii wachezaji peke yao. Tarehe 9 Agosti 1988 Wayne Gretzky, nyota wa timu ya huku, alipopelekwa Los Angeles, pamoja na dola milioni 15 zilizoingia kwa mwenye timu, Peter Pocklington, watu wengi walimlaumu mke wake, Janet Jones. Bibi harusi wa wiki chache tu! Nimefika mji huu miaka mingi baadaye na bado nimekuta wazee wanaosema "yule mwanamke". Habari iliandikwa hivyo siku za mwanzo, ikakaa hivyo. Marekebisho hayakimbii kama tetesi.

#16 Mtu wa Zamboni

Salaam. Nimekuwa nasoma kimya kimya, leo niongeze langu.

Nimefanya kazi ya usiku kwenye uwanja wa timu ya ligi ya chini, ile ya vijana wanaosubiri kuitwa NHL. Baada ya mechi mimi na mwenzangu tulikuwa tunapita na mapipa kwenye korido ya chumba cha kubadilishia nguo. Pale waandishi wanaingia na vinasa sauti. Wachezaji kumi na tisa wanavaa viatu na kutoka. Mmoja amebanwa ukutani, taulo begani, jasho bado linadondoka, na mikono kama saba imemnyooshea vinasa sauti mdomoni. Timu imeshindwa 2–1, na yeye ndiye aliyepoteza kisahani dakika ya mwisho. Maswali matano, yote moja: ulijisikiaje? Kijana wa miaka ishirini. Alijibu vilevile mara tano, kwa upole, macho yakiwa kwenye viatu vyangu.

Kesho yake nikasoma gazeti. Waliandika kweli tupu, hakuna neno la uongo hata moja. Ila kwenye mechi ile kulikuwa na makosa ishirini ya watu ishirini, na msomaji alipewa moja. Nadhani madhara yapo hapo.

#17 Barafu Kavu

Mkuu, hii imenigusa. Ndicho nilichotaka kusema kwenye bandiko la kwanza nikakosa maneno.

#18 Shuhuda wa Chicago

Wakuu, mnaongea kana kwamba kukosa vyombo vya habari ni baraka. Njooni Chicago niwaonyeshe timu iliyojaribu.

Bill Wirtz, mwenye timu ya hapa, Blackhawks, alikataa mechi za nyumbani zisionyeshwe kwenye televisheni ya hapa. Aliona si haki kwa wenye tiketi za msimu. Matokeo yake watoto wa mji huu walikua hawajui sura ya mchezaji. Wenye tiketi za msimu walishuka hadi kama 3,400. Mwaka 2004 ESPN waliitaja kuwa timu mbovu kuliko zote katika michezo ya kulipwa. Wirtz alifariki Septemba 2007, mwanawe Rocky akafungulia mechi televisheni, na kwa wakati huohuo wakaja wachezaji vijana Toews na Kane. Uwanja ukafurika. Makombe 2010, 2013, 2015.

Sasa mtaniambia ni Toews na Kane, si televisheni. Sawa. Ila mtoto gani angewapenda bila kuwaona?

Na upande mwingine, mchungu. Kombe la 2010 lilificha jambo. Mchezaji kijana alisema amedhalilishwa kingono na kocha wa video, na viongozi walikaa kikao katikati ya mtoano kisha wakaliacha. Miaka 11. Ni mwandishi wa TSN, Rick Westhead, aliyefuatilia mwaka 2021 mpaka uchunguzi ukachapishwa Oktoba. Timu ikapigwa faini ya dola milioni 2, meneja mkuu Stan Bowman akajiuzulu, na Joel Quenneville, aliyekuwa kocha wakati ule, akajiuzulu kazi yake ya Florida. Yule kijana, Kyle Beach, akajitokeza kwa jina lake kwenye mahojiano. Mimi nina jezi ya 2010 kabatini. Tangu siku nilipoangalia mahojiano yale sijaivaa. Bila waandishi wakorofi ningekuwa bado naivaa kwa furaha, na yule kijana angekuwa bado anaonekana mwongo. Kwa hiyo tukisema "vyombo vya habari" tutofautishe.

#19 Mama Kipa

Ahsante kwa hili, kaka. Nimelisoma mara mbili.

#20 Sikio la Podikasti

Niongeze kwa @Shuhuda wa Chicago: siku hizi hata si lazima awe mwandishi. Novemba 2019 Akim Aliu, mzaliwa wa Okene, Nigeria, aliandika mwenyewe Twitter kwamba kocha Bill Peters alimtukana matusi ya kibaguzi walipokuwa ligi ya chini. Siku chache baadaye Peters hana kazi Calgary. Mwezi huohuo Don Cherry, mchambuzi wa hoki kwenye televisheni, aliondolewa hewani kwa maneno yake kuhusu wahamiaji, baada ya miaka karibu arobaini ya kusema atakalo kila Jumamosi. Kwa sisi wahamiaji wiki zile zilikuwa nzito.

Na Septemba 2023, Paul Bissonnette, mchezaji wa zamani, alisema kwenye podikasti kwamba Mike Babcock, kocha mpya wa Columbus, anawaomba wachezaji waonyeshe picha za kwenye simu zao. Timu ikakanusha, nahodha akakanusha. Ndani ya wiki Babcock kajiuzulu kabla hajaongoza mechi moja. Kocha aliyewahi kuchukua kombe!

#21 Kalamu Nyekundu

Sahihi, Babcock alichukua 2008 na Detroit.

Niongeze mfano wa kutuchanganya zaidi. Vancouver, msimu wa 2024–25, tetesi zilisema J.T. Miller na Elias Pettersson hawapatani. Wachezaji walikanusha, mashabiki wakawatukana waandishi kwamba wanatunga. Januari 2025 rais wa timu, Jim Rutherford, akaliambia gazeti la The Globe and Mail waziwazi kwamba mgogoro upo na haoni suluhisho. Mwisho wa mwezi Miller yuko New York. Je, waandishi waliuleta mgogoro au waliuona tu? Binafsi nadhani waliuona. Lakini kuulizwa jambo hilo kila siku ya mazoezi hakukuwasaidia wale wawili kupatana.

#22 Mfuatilia Hela

Na kamari jamani, mbona hamuitaji? Ontario ilifungua soko la kubeti mtandaoni Aprili 2022. Tangu hapo kila mapumziko ni tangazo la kubeti, na wachambuzi wanasoma viwango vya ushindi kama wanasoma hali ya hewa. Gretzky, McDavid, Matthews, wote walionekana kwenye matangazo hayo, mpaka msimamizi wa mkoa akapiga marufuku kuwatumia wanamichezo kuanzia mwisho wa Februari 2024.

Shabiki wa zamani alikuwa anahuzunika timu ikifungwa. Shabiki wa leo anadai hela yake kwa mchezaji. Angalieni ujumbe wanaotumiwa wachezaji baada ya mechi, wengi wanaandika kiasi walichopoteza. Huyo hatumwi na mwandishi, anatumwa na tiketi yake ya kubeti.

#23 Mtu wa Zamboni

Kweli kabisa. Kazini kwangu vijana hawaulizani tena "nani kashinda", wanaulizana "Matthews kapiga mashuti mangapi".

#24 Dada wa Scarborough

Hamjambo. Mimi nalaumu mashabiki wenyewe, na mimi nikiwemo kwenye hilo kundi.

Novemba 2014 Leafs walifungwa 9–2 na Nashville nyumbani, watu wakatupa jezi kwenye barafu. Mechi iliyofuata nyumbani wakaifunga Tampa, na wachezaji wakaondoka bila kuwainulia mashabiki magongo kama ilivyo desturi. Basi! Siku nyingi mji unajadili salamu. Timu ilikuwa imeshinda na hakuna aliyezungumza ushindi. Nilipiga simu redioni kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani, nikasubiri dakika arobaini, nikasema wametudharau. Nilikuwa na hasira za kweli. Leo nikikumbuka sioni kilichoniumiza, lakini siku ile niliamini.

Hakuna aliyenishikia simu.

Na lile la Kessel. Alipoondoka, gazeti moja la hapa likaandika kwamba alikuwa ananunua hotidogi kila siku kwenye kona fulani. Maelezo yakapingwa hata na waliojua hiyo kona. Lakini mpaka leo ukitaja Kessel, mtu anacheka hotidogi. Mtu aliyecheza mechi 1,064 mfululizo bila kukosa hata moja! Mwenyewe alipolichukua kombe akalijaza hotidogi akapiga picha. Nilifurahi moyoni utadhani ni ndugu yangu.

#25 Barafu Kavu

@Dada wa Scarborough umenifanya niikumbuke ile simu, huenda nilikusikia nikiwa barabarani.

Nakubali nusu. Narudisha maneno yangu kidogo: si waandishi peke yao. Ila @Mzee wa Goli, mabao matano katika mechi sita, kwa watu wanaofunga msimu mzima bila shida, huoni kuna kitu kinawakaba koo? Hicho kitu kinaitwaje?

#26 Mzee wa Goli

Kinaitwa ulinzi wa wapinzani. Msimu wa kawaida kuna nafasi, mtoano hakuna. Na makipa wazuri. Bobrovsky, aliyekuwa golini kwa Florida 2025, hasomi gazeti la Toronto.

#27 Mwana wa Mont-Royal

@Mzee wa Goli, wewe unaongea kama mtu ambaye hajawahi kusimama mbele za watu. Mwimbaji anayejua wimbo wake vizuri anaweza kuusahau jukwaani. Miguu inakuwa mizito. Mimi si wa Toronto na siwaonei huruma, lakini 2021 niliwaona wanapitisha kisahani badala ya kupiga. Walikuwa wanaogopa kuwa yule mmoja.

#28 Mzee wa Goli

Basi na Edmonton wanaogopa? Mechi ya 7 ya fainali 2024, bao 1 tu, wakafungwa 2–1, na McDavid akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano akiwa upande ulioshindwa. Hakuna aliyesema waandishi wamemkaba.

#29 Binti Prairie

Huku walisema, kaka. Wewe huko huisikilizi redio yetu.

#30 Msikilizaji wa Brampton

Naomba nitoke kidogo kwenye mada. Watu wanasahau kwamba ni matangazo ndiyo yaliyoifanya Leafs ipendwe nchi nzima. Foster Hewitt alianza kutangaza hoki redioni 1923, na kuanzia 1931 sauti yake ilitoka Maple Leaf Gardens kila Jumamosi. Mkulima wa mbali ambaye hatafika Toronto maishani akawa shabiki wa Toronto. 1952 ikaja televisheni. Uzito wote huu tunaouzungumza ni mtoto wa redio ile.

Mimi jirani zangu ni Wapunjabi. Baba wa nyumba hakuwa anaelewa hoki hata kidogo mpaka matangazo ya Kipunjabi yalipoanza 2008. Fainali ya 2016, Nick Bonino wa Pittsburgh alipofunga, mtangazaji Harnarayan Singh akaliimba jina lile bila kupumua, Bonino Bonino Bonino! Nilikuwa sebuleni kwao. Mzee aliruka akagonga taa ya dari. Pittsburgh wakawaalika watangazaji wale kwenye sherehe za kombe. Siku hizi mzee ananifundisha mimi sheria ya kuotea. 2019 wakatangaza mechi kwa Kikri, lugha ya wenyeji wa nchi hii. Sasa nani atatutangazia kwa Kiswahili?

#31 Kalamu Nyekundu

Kwanza tukubaliane kisahani kinaitwaje. Hapo tu tutabishana kurasa kumi.

#32 Shuhuda wa Chicago

Fox walijaribu kukitia mwanga mwaka 1996 ili kionekane kwenye runinga. Rangi ya buluu, kikipigwa kwa nguvu kinaacha mkia mwekundu. Mashabiki wa zamani walichukia, mimi niliyekuwa mgeni nilipenda. Nilikuwa sioni chochote, naona watu weupe wanakimbizana.

#33 Mama Kipa

Nilisema nitarudi. Samahani kwa urefu.

Mwanangu ana miaka kumi na tatu, ni golikipa. Ligi yao ya watoto sasa inarushwa mtandaoni, na kuna mzazi anayeweka vipande vya video na maelezo yake. Mwezi uliopita mtoto alipitisha bao rahisi kutoka mbali, likapita katikati ya miguu. Kipande kikawekwa. Maelezo hayakuwa matusi, yalikuwa utani tu kwa Kiingereza, na alama za kucheka. Watoto wa shule wakapelekeana.

Usiku nilipita mlangoni kwa bafu nikamsikia anaongea. Nikadhani yuko kwenye simu. Nikasukuma mlango kidogo. Amesimama mbele ya kioo, kofia kichwani, taulo shingoni, mswaki mkononi, anajibu maswali. "Ni kosa langu. Nilipaswa kulizuia. Wenzangu walicheza vizuri." Kimya kidogo, anasikiliza swali. "Hapana, sina kisingizio." Kimya tena. "Nitajitahidi zaidi."

Hakuna aliyemuuliza. Hakuna mwandishi nyumbani kwangu. Ameyatoa kwenye runinga, kwa wale wachezaji anaowapenda, kila baada ya mechi tunayoangalia pamoja kwenye kochi letu. Amejifunza kuteleza kwao, kuvaa kwao, na kuomba radhi kwao.

Sikujua nicheke au nilie. Niliufunga mlango polepole.

Kwa hiyo @Mzee wa Goli, mahesabu yako nayaamini yote. Ila niambie hili la kwangu niliweke kwenye safu gani.

#34 Mtu wa Zamboni

Mama, Mungu akutunzie huyo kijana.

#35 Dada wa Scarborough

Nimesoma kwenye basi nikashuka kituo kisicho changu.

#36 Mzee wa Goli

Dada Mama Kipa, shikamoo kwa ujasiri wa kuandika. Sina safu ya kuliweka.

Ila mimi nimedaka miaka tisa, kabla goti halijaniachisha, na ninajua bao la katikati ya miguu. Linatokea kipa anapochelewa kushusha gongo kwenye barafu kwa sababu macho yameinuka kuangalia nani anakuja. Si uvivu, si woga. Mwambie aweke ubapa wa gongo chini kabla ya kitu kingine chochote, na amwombe baba au mjomba ampigie mashuti hamsini ya chini, polepole, kutoka mbali. Na hicho kipande cha video, kama hajakifuta, akiangalie mara moja tu kwa kuangalia gongo lake, asisome maelezo.

Anacheza lini tena?

#37 Mama Kipa

Jumamosi saa mbili asubuhi. Baba yake yuko safarini, mashuti hamsini nitapiga mimi.

#38 Barafu Kavu

Uwanja gani? Nipo na shemeji, Jumamosi hatuna kazi.